Nasaba, Mti na Mtandao: Data za Grafu katika Uhariri wa Miswada ya Kiswahili

Makala haya yanafuatilia historia ya wazo moja katika uhariri wa kitaaluma, kwamba matini pamoja na nakala zake ina umbo la mti, na namna wazo hilo lilivyolegea hadi kuupisha mtandao, au grafu kama wanahisabati wanavyouita. Mengi yaliyoandikwa juu ya mabadiliko hayo yanahusu miswada ya Ulaya. Hoja ya makala haya ni kwamba, kwa miswada ya Kiswahili, faida kubwa ya grafu haiko pale inapotajwa mara nyingi, yaani katika kutatua mgongano wa alama ndani ya matini. Iko katika uwezo wake wa kumtaja mwenye kauli: ni nani aliyelisoma neno hili hivi, kwa ajili ya nani, na kwa kutegemea nini. Jambo hilo matoleo yetu yaliyochapishwa yamelifanya kwa uchache mno.

Mti wa nasaba

Mwaka 1827 Carl Johan Schlyter wa Uswidi alitoa, katika toleo la sheria za kale za Västergötland, mchoro ulioonyesha jinsi miswada ya sheria hizo ilivyozaana. Huo huhesabiwa kuwa mchoro wa kwanza wa aina yake. Katika karne hiyohiyo mbinu ya kupanga miswada kwa kufuata makosa yanayoshirikiana ilikuja kuhusishwa na jina la Karl Lachmann, ingawa wengi waliichangia. Mbinu hiyo ina masharti mawili ambayo wanafunzi wetu huyapita haraka. Kwanza, kila nakala iwe na mzazi mmoja. Pili, mnakili awe mtu wa kukosea, si mtu wa kutunga.

Paul Maas, aliyeieleza mbinu hii kwa ufupi usio na mfano mwaka 1927, alikiri kwamba pale mnakili alipotazama vielelezo viwili au zaidi, mbinu yake haina dawa. Mwaka uliofuata Joseph Bédier alirudia kwa kirefu lawama aliyokwisha kuidokeza kabla ya hapo: karibu miti yote iliyochorwa na wahariri ilikuwa na matawi mawili tu, hali ambayo ilimwachia mhariri uhuru wa kuchagua usomaji aliopendezwa nao. Lawama hiyo haijajibiwa kikamilifu mpaka leo.

Kwa mtu anayefanya kazi na tendi za pwani, masharti yote mawili yanavunjika tangu mwanzo. Katibu wa Pate, Lamu au Mombasa mara nyingi aliujua utendi kwa moyo kabla hajaushika wino. Nakala iliyo mbele yake ilikuwa mzazi mmoja. Kumbukumbu yake ilikuwa mzazi wa pili. Kama alikuwa malenga mwenyewe, aliweza kutengeneza kina kilichopinda bila kuona kwamba ametenda kosa lolote. Katika mti hakuna mahali pa kumweka katibu kama huyo.

Matini ndani ya kompyuta

Mti ulipata maisha ya pili katika tarakilishi. Mkutano uliofanyika katika Chuo cha Vassar, jimbo la New York, mwaka 1987 ulizaa mpango wa TEI, ambao miongozo yake kamili ilitolewa mwaka 1994 na kuhamia baadaye katika lugha ya XML, iliyorasimishwa mwaka 1998. Mwaka 1990 DeRose, Durand, Mylonas na Renear walitoa nadharia iliyoendana na zana hizo: kwamba matini ni mpangilio wa vijenzi vilivyopandana kwa ngazi, kitabu juu ya sura, sura juu ya aya, aya juu ya sentensi. Baada ya miaka michache baadhi yao walirudi kuirekebisha nadharia hiyo, kwa kuwa matini halisi hazikuitii. Sentensi huanza katika ukurasa mmoja ikaishia katika mwingine. Katika utendi, kauli ya mhusika huanzia katikati ya ubeti na kumalizikia katika ubeti wa tatu, wakati muswada umegeuza ukurasa kati yake. Ngazi ya beti, ngazi ya kauli na ngazi ya kurasa hazipandani; zinakatana.

Ni haki kusema kwamba TEI haijawahi kuwa mti mtupu. Ina vielekezi vya kuunganisha sehemu zilizo mbali, ina namna ya kuandika tofauti za nakala, na ina alama ya kumtaja mwenye jukumu la usomaji. Kwa hiyo, wanaoiuza grafu kana kwamba TEI imeshindwa kabisa wanatia chumvi. Tofauti ni ya mkazo. Katika XML uhusiano ni nyongeza juu ya mti, ilhali katika grafu uhusiano ndio data yenyewe.

Vifundo na viungo

Nadharia ya grafu huanzia kwa Leonhard Euler na swali lake la madaraja ya Königsberg mwaka 1736. Grafu ina vitu viwili tu, vifundo na viungo. Kifundo chaweza kupokea viungo kutoka popote, na hapo ndipo inapotofautiana na mti. Nakala yenye wazazi wawili, iliyokuwa maradhi katika mbinu ya Maas, katika grafu ni kifundo chenye viungo viwili vinavyoingia, basi. Mwaka 2009 Desmond Schmidt na Robert Colomb walionyesha jinsi matoleo mengi ya matini moja yanavyoweza kuhifadhiwa kama grafu ambamo njia za nakala mbalimbali huungana zinapolingana na kuachana zinapotofautiana. Programu ya CollateX hufanya ulinganishi kwa msingi wa namna hiyo. Mwaka 2013 Tara Andrews na Caroline Macé walitumia uchanganuzi wa grafu kuuliza ni aina gani za tofauti zinazothibitisha kweli nasaba ya miswada, badala ya kuliachia swali hilo hisia za mhariri.

Upande wa pili wa historia hii ni wavuti wa kisemantiki. Muundo wa RDF, uliopendekezwa rasmi mwaka 1999, huandika kila jambo kama kauli yenye sehemu tatu. Mwanaisimu hahitaji kuelezwa sana: ni kiima, uhusiano na yambwa. Kila sehemu, isipokuwa thamani kama tarehe au maneno matupu, hupewa anwani yake ya kudumu ili kauli iliyoandikwa Hamburg iweze kukutana na ile iliyoandikwa Dar es Salaam. Mwaka 2001 Tim Berners-Lee, James Hendler na Ora Lassila waliutangaza wavuti huo kwa matumaini makubwa, ambayo kwa kiasi kikubwa hayajatimia kama walivyoyaeleza. Katika uhariri wa matini, hata hivyo, mbegu hiyo imeota. Mkusanyo uliohaririwa na Elena Spadini, Francesca Tomasi na Georg Vogeler mwaka 2021 unaonyesha upana wa kazi iliyokwisha kufanyika.

Kauli ya sehemu tatu ilikuwa na upungufu mmoja mzito. Inasema jambo, lakini haisemi nani kalisema. Marekebisho yalikuja kwa hatua: mwaka 2013 msamiati wa PROV wa kueleza asili ya data ulirasimishwa, na mwaka 2014 toleo jipya la RDF likazipa nafasi rasmi grafu zenye majina, yaani mafungu ya kauli ambayo fungu zima laweza kuhusishwa na msemaji wake. Kwa maoni yangu, hatua hizi mbili zina uzito zaidi kwetu kuliko mabishano yote kuhusu ngazi zinazokatana.

Wanazuoni wa pwani hawana ugeni na fikra hii. Elimu ya hadithi waliyosomeshwa inaitaka kila riwaya itajwe pamoja na isnadi yake, na riwaya moja iliyopokewa kwa njia nyingi hupimwa kwa kuzilinganisha njia hizo. Sisemi kwamba PROV imetokana na isnadi. Nasema kwamba matoleo ya tendi yaliyotolewa na wageni yaliupokea utungo huku yakiiacha nyuma sehemu kubwa ya isnadi.

Watu wanaopotea katika tanbihi

Tumtazame Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945. Alikuwa mtunzi, mnakili, mwanamuziki na mchongaji. Alinakili tungo kwa ajili ya Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann, na Utendi wa Liyongo unaohusishwa na mwaka 1913 ni wake. Karatasi alizoziandika zimetawanyika London na Ujerumani. Tasnifu ya Abou Egl ya mwaka 1983, kisha kitabu cha Gudrun Miehe na Clarissa Vierke cha mwaka 2010, vimemrudishia hadhi yake. Lakini katika orodha za maktaba jina lake limeandikwa kwa namna nyingi, mara kwa lakabu, mara kwa jina la baba, na mtafutaji asiyejua kwamba Muhamadi bin Abubakari ndiye Kijuma huzipoteza nusu ya kazi zake. Katika grafu mtu huyu angekuwa kifundo kimoja chenye majina mengi, na kila tukio la kunakili lingekuwa kifundo cha peke yake: mwaka, mahali, aliyeagiza, kielelezo kilichotumika kama kinajulikana. Msamiati wa CIDOC CRM, uliobuniwa kwa ajili ya makumbusho na kufanywa kiwango cha kimataifa mwaka 2006, umejengwa juu ya matukio namna hii. Hapo ndipo tungeweza kuuliza swali ambalo toleo la karatasi halilijibu kwa urahisi: je, Kijuma alinakili tofauti alipomwandikia mteja tofauti?

Mnyororo wa Muyaka bin Haji ni mrefu zaidi. Mashairi yake yalikaa vinywani mwa watu wa Mombasa, Mwalimu Sikujua bin Abdallah akayakusanya na kuyafafanua pamoja na mmisionari William Taylor, na Hichens akayachapisha mwaka 1940 kutokana na karatasi za Taylor. Mohamed Abdulaziz aliyarudia kwa uchambuzi wake mwaka 1979. Msomaji anaponukuu leo “Hichens 1940”, Sikujua hatajwi.

Ziada ya hayo, hati yenyewe inadai grafu. Katika uandishi wa jadi wa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, ba ilibeba sauti za b, p na mb. Ghaini ilibeba gh, g na ng. Kasra ilitosha kwa i na e. Neno lililoandikwa kwa ba, ya na ba, zote mbili zikiwa na kasra, laweza kuwa bibi, pipi au pembe. Muktadha huamua mara nyingi, si mara zote, na katika ushairi wa mafumbo huenda mtunzi aliutaka utata huo. Kuhamisha hati ni kufasiri. Hata hivyo, toleo la kawaida humpa msomaji neno moja la Kilatini, na uamuzi hutoweka. Katika grafu umbo lililoandikwa ni kifundo, usomaji wa Taylor ni kiungo, usomaji wa mwalimu wa Lamu ni kiungo kingine, na hakuna haja ya kufuta kimoja ili kingine kikae.

Palipo na hatari

Kiungo hatari kuliko vyote ni kile kinachosema “hiki ni kile.” Utendi wa Tambuka huitwa pia Chuo cha Herekali, kuyaunganisha majina hayo hakuna ubishi. Lakini kusema kwamba tungo mbili zenye beti zinazofanana ni kazi moja ni hukumu ya kitaaluma, na mashine ikishaipokea huisambaza katika kila jibu. Hukumu hiyo lazima iwe na mwenyewe. Tatizo jingine ni anwani. Grafu nzima husimama juu ya anwani za kudumu, na anwani hudumu pale tu taasisi inapolipia seva mwaka baada ya mwaka. Mradi unaofadhiliwa kwa miaka mitatu hauwezi kuahidi hivyo, na vyuo vyetu vina sababu ya kudai kwamba anwani za miswada iliyoko Dar es Salaam zisimamiwe Dar es Salaam.

Kuna pia miswada iliyo mikononi mwa familia. Baadhi ya wenye nayo huruhusu isomwe lakini hawataki ijulikane iko nyumba gani. RDF ina kifundo kisicho na jina: kipo, kina uhusiano na vingine, lakini hakitambulishwi. Mhariri aweza kuandika kwamba usomaji fulani umetoka katika nakala ya Lamu, akaueleza kwa ukamilifu, akamtaja aliyeunakili iwapo familia imeridhia, na mwenye nyumba akabaki kifundo kitupu mpaka atakapotaka mwenyewe.