Msalaba Mwekundu machoni petu na machoni pa kamera



Mimi mtu wa Pwani, ila riziki imenileta Makongeni, mtaa wa Thika ulio kando ya barabara ya Garissa. Mwezi uliopita jirani yangu, mama mtu mzima, alinisimamisha mlangoni. Kijana wake amealikwa kwenye mafunzo ya huduma ya kwanza ya Msalaba Mwekundu. "Ndugu yangu, wewe umesoma. Hawa si watu wa kanisa?" Nikamwambia la, si watu wa kanisa. Akaniuliza tena: "Basi mbona hatuwaoni ila kwenye tivii, watu wakishakufa?"

Nianze na la kwanza, kwa sababu hata kwetu Pwani nimelisikia mara nyingi. Vuguvugu hili lilianzia Geneva mwaka 1863. Mkataba wa 1864 ulipoamua wauguzi wa vitani wawe na alama moja, ilichukuliwa bendera ya Uswisi ikageuzwa rangi: msalaba mwekundu juu ya kitambaa cheupe. Ilikuwa heshima kwa nchi ile, wala si kwa dini. Hata hivyo waliokuwa na shaka hawakuwa wajinga. Mwaka 1876, wakiwa vitani, Waturuki wa dola ya Uthmaniya walisema askari wao Waislamu hawaridhiki na alama hiyo, wakatumia mwezi mwandamo. Mkataba wa 1929 ukaukubali rasmi. Ndiyo maana majirani zetu Somalia na Komoro wana Hilali Nyekundu, na ni shirika hilohilo kwa kazi. Lakini Indonesia, nchi yenye Waislamu wengi kuliko zote duniani, inatumia msalaba mpaka leo.

Hapa Kenya shirika lilikuwa tawi la Waingereza tangu 1939, kisha likasimama lenyewe kwa sheria ya Bunge ya Desemba 1965. Na walioliongoza miaka ya karibuni ni Abbas Gullet, akafuata Dkt. Asha Mohammed, kisha Dkt. Ahmed Idris. Majina yenyewe yanajieleza. Nilipomtajia mama yule majina hayo alicheka, akasema angeambiwa hivyo tangu mwanzo tusingepotezeana wakati.

Swali lake la pili ndilo gumu, na hapo lawama nawatupia wenzangu wa habari kabla ya shirika.

Aprili 2, 2015, watu 148 waliuawa Chuo Kikuu cha Garissa. Wanafunzi walionusurika walipelekwa Nairobi kwa mabasi, na njia ya kutoka Garissa ni hii inayopita hapa Makongeni. Wazazi walikuwa wakiwasubiri uwanja wa Nyayo, na Msalaba Mwekundu walikuwa pale wakiandika majina, wakitafuta nani yuko wapi, wakikaa na waliofiwa. Nilitazama taarifa za siku zile zote. Nilioneshwa mama anayeanguka akilia, tena na tena. Yule mwenye kalamu na daftari, ambaye kwake ndiko mzazi alikojua mwanawe yu hai au amekufa, alipita nyuma ya picha kama kivuli. Kilio huonyeshwa kwa sekunde kumi kikaeleweka. Kutafuta watu ni kazi ya siku nyingi, na mhariri hana subira nayo.

Kuna jambo jingine tusilopenda kulisema. Julai 2011, njaa ilipobana Turkana na kaskazini, ilianzishwa kampeni ya Kenyans for Kenya kukusanya shilingi milioni 500. Lengo lilipitwa, wengi wakituma kwa M-Pesa kiasi walichojaliwa. Chama cha wamiliki wa vyombo vya habari kilikuwa mshirika wa kampeni ile pamoja na Msalaba Mwekundu. Kheri kubwa, sina ubishi. Ila ukishashika bakuli pamoja na mtu, ni vigumu kumuuliza hesabu hadharani. Mwaka huohuo unga wa uji uliokuwa ukigawiwa mashuleni ulirudishwa kwa hofu ya sumu ya kuvu. Habari ile ilitangazwa, na kwa maoni yangu ilisaidia kuaminika kwa shirika kuliko matangazo yote ya kuomba. Mtu anayekubali kusema "rudisheni" ndiye utakayempa tena.

Hali kadhalika hoteli na ambulansi. Shirika lilijenga hoteli za kibiashara, na lina kampuni ya ambulansi, E-Plus, ambayo hulipisha. Mtu wa mtaani akisikia hivyo huuliza: hisani gani hii yenye bili? Jibu lipo: anayetegemea wafadhili peke yao hulala njaa wafadhili wakichoka. Lakini jibu hilo lilipaswa kuelezwa na magazeti kwa Kiswahili chepesi, pamoja na faida imeingia kiasi gani na imekwenda wapi. Hatukulipata kwa wakati, na uvumi ukachukua nafasi yake.

Kijana wa jirani alikwenda mafunzoni. Hapakuwa na kamera. Jana jioni nilimkuta barazani akimfunga mdogo wake mkono kwa leso ya mama yao, na mama amekaa kando anamkosoa fundo.