Kijivu Kisichokuwapo

Mtambo wa kuchapia wenye wino mweusi peke yake hauna kijivu. Una mawili tu: kuweka wino, au kuiacha karatasi ilivyo. Kijivu tukionacho shavuni mwa mtu wa katuni ni nukta nyeusi ndogondogo, ambazo jicho huzichanganya na weupe unaozizunguka.

Mwaka 1879 Mmarekani Benjamin Day alibuni utando wa kuchapia nukta hizo. Mchoraji alionyesha kwa rangi ya buluu mahali pa kivuli, na fundi kiwandani ndiye aliyekiweka. Baadaye zikaja karatasi za kunata zenye nukta, kama Zip-A-Tone, ambazo mchoraji alizikata kwa wembe mezani pake. Kivuli kikamrudia mwenyewe.

Kompyuta, hasa baada ya programu ya Photoshop kutoka mwaka 1990, imeuondoa wembe. Mistari huwekwa katika tabaka lake ibaki myeusi tititi. Chini yake hujazwa kijivu cha asilimia itakiwayo. Lakini karatasi ya gazeti hunywa wino, nukta zikatanuka. Kijivu cha asilimia 50 kwenye kioo hutoka kizito zaidi, na uso uliokuwa ukicheka huweza kumfikia msomaji ukiwa giza. Mchoraji mwenye busara hupaka hafifu kuliko macho yamwambiavyo.

Nilipowafunza walimu nilisisitiza kwamba somo si lile lililomo kichwani mwa mwalimu, bali lile limfikialo mtoto. Katuni nayo ni vivyo hivyo.