Kwa nini gari lililoinuliwa huegemea upande mmoja

Mwenye gari la kuhimili barabara mbovu hufunga springi ndefu na shokapu mpya ili gari lipande juu, lakini mara nyingi kazi ikikamilika hugundua kuwa upande mmoja umezidi kuwa juu kuliko mwingine. Fundi husema springi ni mbovu. Muuza springi husema fundi amekosea.

Umbilo, kitongoji kilicho jirani na bandari ya Durban nchini Afrika Kusini, ni mahali panapofaa kulitazama jambo hili. Kusini mwa jiji, huko Prospecton, ndiko Toyota inakounda Hilux. Upande wa bara kuna Sani Pass, njia ya mlimani iendayo Lesotho, inayofika mita 2,876 juu ya usawa wa bahari na kuhitaji gari linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne. Durban pia ina wakazi wengi waliotoka Kongo, Burundi na Tanzania, na mtu anayenunua gari kuukuu lililokwisha kuinuliwa ana sababu ya kujua kwa nini limeinama kabla ya kulipa.

Kupima kwanza

Jicho hudanganya, hasa barabarani, kwa kuwa lami hujengwa ikiwa na mteremko wa kutiririshia maji ya mvua. Gari liegeshwe kwenye sakafu iliyo sawa, matairi yawe ya ukubwa mmoja na upepo uliolingana, na mizigo iondolewe.

Kipimo kichukuliwe kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa fenda ulio juu yake, wala si kutoka ardhini, ili tofauti za matairi zisiingie katika hesabu. Tofauti ya milimita 5 hadi 10 kati ya kushoto na kulia kwa kawaida haina la kutisha. Ikifika milimita 20, kuna kitu cha kutafutwa. Vipimo hivi vilipaswa kuchukuliwa pia kabla ya springi za zamani kufunguliwa, jambo ambalo gereji chache hulifanya. Magari mengi yaliinama tangu zamani, ila hakuna aliyetazama.

Makosa ya ufungaji

Kosa la kawaida kabisa ni dogo. Fundi hukaza boliti za mikono ya gari na za springi huku magurudumu yakining'inia hewani. Mpira wa bushi hushikwa katika hali hiyo, na gari linaposhushwa hujipinda na kulisukuma upande mmoja. Dawa yake haigharimu kipuri chochote: boliti zilegezwe, gari lisimame kwa uzito wake na kusogezwa mbele na nyuma mara kadhaa, kisha zikazwe likiwa papo hapo chini. Bushi zikiachwa zimejipinda huchanika mapema.

Pili, ncha ya springi ya koili ina kitako chake maalumu. Isipokaa humo, kona hiyo huinuka. Tatu, baadhi ya springi huuzwa zikiwa na alama ya upande wa dereva na upande wa abiria, kwa sababu dereva, betri na tangi la mafuta havigawi uzito sawasawa. Afrika Kusini, Kenya, Tanzania na Uganda usukani huwa kulia, lakini springi zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la usukani wa kushoto zinaweza kuuzwa popote. Alama isomwe.

Hilux nyingi za zamani zilizotangulia toleo la mwaka 2005, zenye magurudumu ya mbele yanayojitegemea, hazina koili mbele. Zina fimbo ya chuma inayojipinda, ambayo boliti yake huongeza au kupunguza kimo. Hapo tofauti ndogo hurekebishwa kwa spana tu.

Kona ipi yenye kosa?

Kona iliyo juu si lazima iwe ndiyo yenye kosa. Springi ya nyuma kulia ikiwa na nguvu kupita kiasi huweza kuishusha kona ya mbele kushoto. Ili kujua, magurudumu ya mbele yazuiwe kwa vigingi, jeki iwekwe katikati ya ekseli ya nyuma, chini ya difu, na kuinuliwa kidogo mpaka magurudumu ya nyuma yaache ardhi. Mtu asiingie chini. Ikiwa fenda za mbele sasa zinalingana, chanzo kiko nyuma.

Kisha springi za ekseli hiyo zibadilishane pande, iwapo hazina alama ya upande. Mwinamo ukihama pamoja na springi, springi ndiyo yenye hatia. Ukibaki palepale, kinachofuata kuchunguzwa ni fremu, na hili ndilo la kumtia wasiwasi mnunuzi, kwani gari lililogongwa na fremu yake kupinda linaweza kuinuliwa ili kasoro isionekane haraka. Kuongeza kipande cha chuma chini ya springi ya upande mmoja hakuondoi kasoro hiyo, huificha tu.

Breki

Baadhi ya magari ya mizigo, Hilux nyingi zikiwamo, yana vali inayogawa nguvu za breki za nyuma kwa kufuata umbali kati ya bodi na ekseli. Gari likiinuliwa, vali hiyo huchukulia kwamba halina mzigo na kupunguza breki za nyuma, hata likiwa limejaa. Fimbo ya vali lazima irekebishwe kulingana na kimo kipya, na mipira ya breki ikaguliwe magurudumu yakiwa yamening'inia kabisa, kuona kama imevutika.

Springi mpya hushuka kidogo katika safari za mwanzo, kwa hiyo vipimo vichukuliwe tena baada ya takriban kilomita 1,000.