Kumeza Mbele ya Shahidi

Hewa tunayovuta huchujwa na kupashwa joto puani, hushuka kwenye koo la hewa, kisha huishia ndani ya mamilioni ya vifuko vidogo vya mapafu. Kuta za vifuko hivyo ni nyembamba mno, na ndiyo maana oksijeni hupenya hadi kwenye damu. Humo humo kimelea cha kifua kikuu hupata makazi.

Robert Koch alikitangaza kimelea hicho mjini Berlin, tarehe 24 Machi 1882. Miaka 13 baadaye, Wajerumani walimnyonga Hassan bin Omari Makunganya pale Kilwa Kivinje. Utawala wao ulifika pwani hii mapema. Dawa ya kifua kikuu haikufika, kwa kuwa haikuwapo popote duniani hadi miaka ya 1940, ilipogunduliwa streptomaisini.

Mwaka 1926 hospitali ya kifua kikuu ilianzishwa Kibong'oto, upande wa Kilimanjaro. Kwa mtu wa Tingi, huko ni pembe nyingine ya nchi, na kabla ya yote ilibidi auvuke Mto Rufiji. Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003 tu. Kabla yake watu walisubiri pantoni.

Dawa nazo zilipopatikana, tatizo halikuisha. Mgonjwa hupata nafuu baada ya wiki chache, akaziacha, na vimelea vilivyobaki vikawa sugu. Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma, ukisaidiwa na Dakta Karel Styblo, mzaliwa wa Chekoslovakia. Utaratibu wao ulikuwa mwepesi kueleza: makohozi yapimwe kwa darubini, jina liandikwe daftarini, mgonjwa ameze dawa mbele ya mhudumu, na mwisho ihesabiwe ni wangapi wamepona. Miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani liliusambaza utaratibu huo ulimwenguni. Nchi maskini ilikuwa imewafundisha matajiri.

Funzo lake kwetu ni kwamba dawa peke yake haiponyi. Huponya dawa iliyo karibu, na mtu wa kumshuhudia mgonjwa hadi kidonge cha mwisho.

Bado nyumba nyingi humtengea mgonjwa kikombe na sahani, naye akaona aibu, akakificha kikohozi. Lakini ugonjwa huu hausafiri kwa kikombe. Husafiri kwa hewa, mtu anapokohoa ndani ya chumba kilichofungwa. Dirisha lililo wazi hukinga kuliko sahani iliyotengwa. Anayekohoa wiki mbili au zaidi aende zahanati akapimwe. Matibabu ni bure, kwa kawaida miezi sita. Na wa nyumbani mwake, badala ya kumhamishia sahani, wakae naye barazani penye upepo, wamwone akimeza.