Dini Isiyotajwa: Ukatoliki na Ubunifu wa J.R.R. Tolkien

Mnamo mwaka 1900, Mabel Tolkien, mjane mwenye wana wawili, alipokelewa katika Kanisa Katoliki. Baadhi ya jamaa zake walighadhibika, na msaada wa fedha aliokuwa akiupata ukakatizwa. Alifariki mwaka 1904 kwa ugonjwa wa kisukari. Mwanawe mkubwa, J.R.R. Tolkien, aliyekuwa na umri wa miaka 12, alimhesabu mamake tangu hapo kuwa shahidi wa dini. Imani aliyoirithi ilikuwa imekwisha kulipiwa. Mlezi wake, Padri Francis Morgan wa Oratori ya Birmingham, ndiye aliyemkataza kuwasiliana na mchumba wake, Edith Bratt, hadi atimize miaka 21.

Ajabu ni kwamba katika *The Lord of the Rings* (1954–1955) hamna kanisa wala kasisi, na ibada ni kama haimo. Katika barua aliyomwandikia Mjesuiti Robert Murray mwezi wa Desemba 1953, Tolkien alidai kwamba kazi hiyo ni ya kidini na ya Kikatoliki katika asili yake: bila kukusudia mwanzoni, kwa kukusudia wakati wa kuisahihisha. Kwa sababu hiyohiyo, alieleza, aliondoa takriban kila kilichohusu ibada. Mhakiki hana budi kuipokea kauli hii kwa tahadhari, kwani iliandikwa baada ya kazi kukamilika, tena kwa mtawa.

Hata hivyo, matini yenyewe yanaiunga mkono, hasa katika kilele chake. Tolkien alikuwa mtaalamu wa *Beowulf*, utendi ambamo shujaa hushinda au hufa kishujaa. Frodo hafanyi lolote kati ya hayo. Anapofika ukingoni mwa moto anashindwa, anaidai Pete iwe yake. Pete inaangamia kwa sababu tu Gollum, kiumbe aliyehurumiwa na Bilbo kisha na Frodo mwenyewe, yupo hapo kuinyakua na kutumbukia nayo. Nguvu za shujaa zimekwisha. Kilichobaki ni matokeo ya huruma ya zamani. Mkatoliki angeiita neema, ila msimulizi haitaji.

Wapo wanaopendelea kusaka ishara: kwamba Pete iliangamizwa tarehe 25 Machi, siku ya Kupashwa Habari Bikira Maria, au kwamba mkate wa *lembas* ni Ekaristi. Tarehe hiyo haikuwekwa kwa bahati, bila shaka. Lakini Tolkien aliichukia istiara, na msomaji asiyeijua kalenda ya Kanisa hushtushwa vilevile na kushindwa kwa Frodo.