Barakoa ya hewa na saa ya kuivua

Mwaka 1952, polio ilipoikumba Copenhagen, daktari wa usingizi Bjørn Ibsen alishauri wagonjwa walioshindwa kupumua watobolewe koo, watiwe mrija na kupuliziwa hewa kwa mfuko unaominywa kwa mkono. Wanafunzi wa udaktari walipokezana zamu usiku na mchana, na vifo vikapungua sana. Lakini mrija una madhara yake: mgonjwa hulazwa kwa dawa, hawezi kukohoa, na vijidudu hupata njia ya kushukia mapafuni. Kwa hiyo mwaka 1995, Laurent Brochard na wenzake walipoonyesha kwamba barakoa inayosukuma hewa kwa shinikizo ilishusha vifo kutoka asilimia 29 hadi 9 kwa wenye mapafu yaliyochakaa kwa maradhi sugu, ilipokelewa kwa matumaini makubwa.

Matumaini hayo yakahamishiwa kwa wenye nimonia, na hapo mambo yakawa mengine. Mwaka 2015, utafiti uliofanyika Ufaransa na Ubelgiji kwa wagonjwa 310, wengi wao wa nimonia, ulikuta kwamba ndani ya siku 90 walikufa asilimia 28 ya waliovishwa barakoa, na asilimia 12 tu ya waliopewa oksijeni ya kasi kubwa puani. Wapo wanaoona hiyo ni hukumu tosha. Mimi naona kosa liko kwenye saa. Mwenye nimonia huvuta hewa kwa nguvu, mashine humwongezea, mapafu yakatanuka kupita kiasi huku uso ukionyesha nafuu, na mrija ukachelewa. Mwaka huohuo, Korea Kusini, kati ya wagonjwa ambao oksijeni ya puani haikuwafaa, waliotiwa mrija ndani ya saa 48 walikufa asilimia 39. Waliocheleweshwa, asilimia 67. Huenda waliochelewa walitofautiana na wenzao kwa mengine pia, lakini pengo hilo si la kupuuzwa.

UVIKO-19 ulipoingia, hospitali nyingi zilikimbilia mrija, zikihofia pia kwamba barakoa ingewarushia wahudumu virusi. Vipimo vya baadaye vilionyesha kuwa kikohozi hurusha chembe nyingi zaidi. Nchini Uingereza, waliosaidiwa kwa shinikizo lisilokatika, asilimia 36 walifariki au kutiwa mrija ndani ya siku 30, dhidi ya asilimia 44 ya waliopewa oksijeni ya kawaida. Vifo peke yake havikutofautiana kwa uhakika. Na hao walikuwa mahali ambapo mrija ungeweza kutiwa usiku uleule. Wadi isiyo na mtu wa kuhesabu pumzi za mgonjwa kila saa, wala kitanda cha mahututi cha kumpeleka, haiwezi kuazima matokeo hayo.