Usiku wa Matokeo: Mazungumzo juu ya Wale Walioshindwa



Leo tutazungumza juu ya usiku ambao kila inchi inayopiga kura inaujua: usiku wa kutangaza matokeo. Kwa kawaida watu hutazama upande wa mshindi, kwa sababu huko kuna ngoma na vigelegele. Sisi leo tutamtazama yule mwingine. Alisimama kwenye mstari tangu asubuhi, akapiga kura, akarudi nyumbani, akafungua redio, akangoja. Jina lililotangazwa halikuwa la mtu wake. Je, mtu huyo anafanya nini usiku ule? Na wengine wanamfanyia nini? Historia yetu inatuonyesha kwamba amani ya inchi inategemea sana majibu ya maswali hayo mawili.

Tuanze na mwaka wa 2006. Mnakumbuka kwamba inchi yetu ilikaa zaidi ya miaka 40 bila uchaguzi wa vyama vingi wa kweli. Tarehe 30 Julai 2006 watu wakapiga kura. Walioandikishwa walikuwa zaidi ya milioni 25. Wagombea uraisi walikuwa 33. Masanduku yalisafirishwa kwa ndege, kwa mitumbwi, kwa pikipiki, na pahali pengine kwa kichwa cha mtu. Kwa hiyo matokeo hayakuweza kujulikana usiku uleule sawasawa katika inchi zenye barabara. Tulingoja majuma matatu. Usiku wetu wa matokeo ulikuwa mrefu.

Sasa sikilizeni jambo moja la maana. Kura zilipokwisha kuhesabiwa, karatasi ya hesabu ilibandikwa mlangoni mwa kila ofisi ya kupigia kura. Hilo lilikuwa jambo jema, maana kila raia aliweza kusoma. Lakini raia alisoma mlango gani? Alisoma mlango wa kartie yake. Katika duru ya pili, tarehe 29 Oktoba 2006, wagombea walibaki wawili: Joseph Kabila na Jean-Pierre Bemba. Mtu wa Kinshasa akipita mlango kwa mlango aliona Bemba yuko mbele kwa mbali. Mtu wa Bukavu naye akipita mlango kwa mlango aliona Kabila amepata kura zaidi ya tisa kwa kila kumi. Wote wawili walisoma vizuri. Wote wawili walikuwa na hakika. Wala hakuna aliyeweza kuamini kwamba yule wa upande wa pili yupo kweli, na kwamba ni wengi.

Tarehe 15 Novemba Padri Apollinaire Malu Malu, kiongozi wa Tume Huru ya Uchaguzi, alitangaza: Kabila 58,05 kwa mia, Bemba 41,95 kwa mia. Wakati ule inchi ilikuwa na majimbo 11. Kabila aliongoza katika majimbo 5 ya mashariki, Bemba akaongoza katika 6: Kinshasa, Bas-Congo, Bandundu, Equateur, na Kasai zote mbili. Ndugu zangu, fikirini. Huku kwetu mashariki watu waliimba. Lakini mtu wa Kinshasa aliyesikia hesabu ile alijiuliza: "Kura zote nilizoziona kwa macho yangu zimekwenda wapi?" Hakuna aliyemweleza polepole kwamba mlango wake haukuwa inchi nzima. Pahali pasipo na maelezo, uvumi unapata kiti cha kukalia.

Tena hofu ilikuwa imekwisha kuingia tangu duru ya kwanza. Siku matokeo ya duru ile yalipotangazwa, tarehe 20 Agosti, bunduki zililia Kinshasa. Walinzi wa wagombea hao wawili walipigana kwa siku tatu, na watu zaidi ya 20 walikufa. Mama aliyeuza mikate hakuwa mgombea, lakini yeye ndiye aliyefunga meza yake na kulala njaa. Wapiganapo tembo, nyasi huumia.

Baada ya duru ya pili, upande wa Bemba ulipeleka mashtaka mbele ya Korti Kuu. Tarehe 21 Novemba, wakati wa kusikiliza kesi, kulitokea fujo, na sehemu ya jengo la Korti ikaungua moto. Hapo inchi ilisimama ukingoni. Tarehe 27 Novemba Korti ikakataa mashtaka. Kesho yake Bemba akatangaza kwamba, ingawa hakuridhika na uamuzi, ataongoza upinzani ndani ya sheria. Tarehe 6 Desemba Raisi akaapishwa. Neno lile la tarehe 28 Novemba liliokoa maisha ya watu wengi ambao majina yao hatutayajua kamwe, kwa sababu hawakufa.

Lakini je, neno la mkubwa mmoja linatosha? Hapana. Mwanzoni mwa mwaka wa 2007 wabunge wa majimbo walichagua magavana. Hata Kinshasa na Bas-Congo, pahali Bemba alipopata kura nyingi, magavana walitoka upande wa Raisi. Wapinzani walisema wabunge walinunuliwa. Katika Bas-Congo, ambayo leo inaitwa Kongo Central, watu waliandamana, na wapatao 100 waliuawa. Kisha, mwezi wa Machi 2007, vita vilitokea tena Kinshasa juu ya walinzi wenye silaha waliobaki kwa Bemba. Walikufa watu mamia, na yeye mwenyewe akaondoka inchini.

Hapa tunapata mafundisho mawili. Kwanza, mgombea mwenye jeshi lake hawezi kushindwa kwa amani, wala hawezi kushinda kwa amani. Pili, aliyeshindwa akiona kwamba amenyimwa hata kile kidogo alichokipata, siku nyingine hatakuwa na sababu ya kungoja matokeo.

Tutoke kidogo nje ya inchi yetu tuwatazame majirani wawili. Wakaaji wa Lubumbashi na Kasumbalesa wanaijua vizuri Zambia. Tarehe 31 Oktoba 1991 Kenneth Kaunda, aliyeongoza inchi ile miaka 27, alishindwa na Frederick Chiluba, ambaye alipata karibu robo tatu za kura. Kaunda alikuwa na jeshi na polisi mikononi mwake. Alikubali, na tarehe 2 Novemba mshindi akaapishwa. Ni kweli kwamba baadaye mshindi hakumtendea vema: katiba ya mwaka wa 1996 ilimfungia Kaunda njia ya kugombea tena. Hata hivyo Zambia haikuingia vitani, kwa sababu watu walikwisha kuona kwa macho yao kwamba mkubwa anaweza kushindwa na akaendelea kuishi.

Jirani wa pili ni Burundi. Tarehe 1 Juni 1993 Melchior Ndadaye alipata karibu 65 kwa mia, na Raisi Pierre Buyoya akashindwa. Buyoya alikubali. Ndadaye naye alimchagua Sylvie Kinigi, mama kutoka chama kilichoshindwa, kuwa waziri mkuu. Wakubwa wawili walifanya sawasawa inavyotakiwa. Lakini katika upande ulioshindwa walikuwamo watu waliokataa mioyoni mwao, na baadhi yao walikuwa na bunduki. Tarehe 21 Oktoba 1993 askari walimwua Raisi Ndadaye. Mauaji yakaenea milimani, na vita vikaendelea zaidi ya miaka 10. Watu wa Uvira waliona wakimbizi wakivuka mpaka. Kwa hiyo haitoshi kwamba mgombea akubali. Kazi ya kukubali inafanywa pia jikoni, shuleni na kambini.

Turudi kwetu, maana zamu hubadilika. Mwaka wa 2006 mashariki ilicheka. Mwezi wa Desemba 2018 walioumia walikuwa watu wa Beni na Butembo. Siku chache kabla ya kura, Tume ilitangaza kwamba katika Beni, Butembo na Yumbi uchaguzi umesogezwa hadi Machi 2019. Kwa Beni na Butembo ilitajwa Ebola pamoja na usalama mbaya. Wapiga kura zaidi ya milioni moja waliachwa nje, kwa sababu Raisi mpya aliapishwa tarehe 24 Januari 2019, kabla ya siku yao kufika. Hao walishindwa hata kabla ya kupiga kura.

Walifanya nini? Walifanya mambo mawili yasiyofanana. Katika fujo za tarehe 27 Desemba, watu walivamia kituo cha kupima wagonjwa wa Ebola huko Beni. Hasira yao juu ya Tume ilimwangukia mgonjwa na mwuguzi, ambao hawakusogeza tarehe yoyote. Lakini tarehe 30 Desemba watu wa Beni walipanga mistari, wakatengeneza karatasi zao wenyewe, wakapiga kura yao ya mfano bila kumwaga damu. Kura ile haikuhesabiwa. Lakini dunia nzima ilisikia ujumbe: sisi nasi ni raia. Huzuni ni ileile, mji ni uleule. Njia moja inamchoma jirani, nyingine inainua sauti.

Na mnakumbuka matokeo yenyewe. Intaneti ilikuwa imekatwa tangu tarehe 31 Desemba. Yalitangazwa usiku wa manane kuamkia tarehe 10 Januari 2019: Félix Tshisekedi 38,57 kwa mia, Martin Fayulu 34,83. Maaskofu wa Katoliki, waliokuwa wametuma waangalizi karibu 40.000, walisema hesabu hiyo haipatani na ile waliyoikusanya. Fayulu alikwenda kwenye Korti ya Katiba, na Korti ikakataa. Kikwit watu walikufa katika maandamano.

Hapo wengine walipenda kusema methali: asiyekubali kushindwa si mshindani. Methali hiyo ni ya kweli. Lakini mara nyingi inasemwa na yule aliyeshinda. Mshindani anakubali kushindwa pale mchezo ulipochezwa mbele ya macho ya wote. Anayedai karatasi zihesabiwe wazi havunji amani. Anayevunja amani ni yule anayeficha hesabu, na yule anayechukua jiwe.

Basi, wasikilizaji, tufanye nini usiku wa matokeo?

Wewe uliyeshindwa: kulia si dhambi. Lia, lakini usitoke usiku ule. Usimtafute aliyeshinda katika kabila la jirani yako au katika lugha anayosema sokoni. Kama una mashaka, peleka karatasi ulizonazo kwa mashahidi wa chama, kwa waangalizi, kwa korti.

Wewe uliyeshinda: punguza ngoma. Usipite mbele ya nyumba ya mwenye huzuni ukiimba jina la mtu wako. Duru nyingine, wewe ndiye utakayekuwa ndani ya nyumba ile.

Ninyi mnaohesabu: bandikeni kila karatasi, na muwaeleze watu matokeo ya inchi nzima, jimbo kwa jimbo. Mtu aliyeelezwa anaumia, lakini haoni kwamba amedharauliwa.

Mkisha kuzima redio, kaeni pamoja muulizane: katika mtaa wetu, nani aliumia mwaka ule, na je, tulikwenda kumwona? Kama hakuna aliyekwenda, kesho haijapita.